Kukarabati bweni la shule ya kanisa kwa michango: mwongozo kamili wa kamati

Mabweni ya shule za makanisa huchoka kwa mtindo mmoja, yawe ya Kilutheri (KKKT), ya Katoliki, ya Anglikana au ya Moraviani. Maji huingia kwenye paa, huteremka ukutani, hutokea sakafuni, na yanayobaki hulowesha msingi kwa nje. Kamati inayoanzia kwenye rangi kwa sababu ndiyo mgeni rasmi atakayoiona, hurudi kuchangisha tena baada ya misimu miwili ya mvua. Hapa tunafuata njia ya maji kutoka juu kwenda chini, na fedha za wachangiaji zinapangwa kwa utaratibu huohuo.

Vipimo vyote tumevichukua kwenye bweni moja la mfano: urefu mita 24 na upana mita 8 kwa nje, kuta za tofali za saruji za inchi 6, paa la miteremko miwili lenye mwinuko wa nyuzi 20. Bweni lenu likiwa kubwa au dogo zaidi, badilisheni namba na kurudia hesabu.

Jengo ni la nani?

Anzeni na hati. Shule nyingi zenye jina la misheni si mali ya kanisa tena. Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa serikali, na zile ambazo leo ni za kanisa ni seminari, shule zilizojengwa baadaye, au zilizorudishwa kwa makubaliano maalumu. Kenya hali ni nyingine: shule nyingi ni za umma huku kanisa likiwa mfadhili wake kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, hivyo uamuzi wa kubomoa au kujenga ni wa bodi ya shule, hata kama askofu ndiye aliyeleta fedha.

Kama ardhi ni ya kanisa, hati huwa kwa jina la bodi ya wadhamini ya dayosisi au jimbo, wala si la shule. Barua ya ruhusa itoke kwa wadhamini hao kabla ya mchango wa kwanza kupokelewa. Mfadhili wa nje ataiomba, na asipoiomba msimshangilie: maana yake hata hesabu hataziuliza vizuri, na mgogoro ukija hamtakuwa na pa kusimamia. Mkigusa kuta za kubeba mzigo, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) au ukubwa wa madirisha, nendeni kwa mhandisi wa halmashauri mkaulize kuhusu kibali. Kupiga rangi na kubadili vitasa hakuhitaji safari hiyo.

Ukaguzi: siku moja, watu wanne

Mnahitaji fundi mwashi, seremala, fundi umeme na mlezi wa bweni. Matroni au patroni anajua ndoo zinawekwa wapi usiku mvua ikinyesha, na taarifa hiyo haipatikani kwenye mchoro wowote. Bebeni futi ya mita 30, bisibisi ngumu, tochi, ngazi, penseli na simu ya kupigia picha. Pigeni picha kila kasoro kutoka mahali mnapoweza kuparudia baadaye, kwa mfano "nimesimama mlango wa mashariki, naangalia kona ya kushoto". Picha hizo ndizo zitakazofananishwa na za mwisho kwenye ripoti.

Darini, chomeni kila kenchi kwa bisibisi pale inapokalia ukuta. Mbao huozea hapo kwanza kwa sababu bati linalovuja hupeleka maji chini hadi kwenye boriti ya ukutani. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, kipande hicho kibadilishwe. Angalieni njia za udongo za mchwa, na kama kenchi zimefungwa kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) kwa pao za chuma, yaani vipande bapa vya chuma, au zimekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Zilizokaa tu ndizo zinazoruka na upepo wa Oktoba.

Ukutani, tofautisheni nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu ni wa lipu kukauka haraka, hauna neno. Ufa unaopanda kishazari kutoka kona ya dirisha, au unaopitisha sarafu, unaweza kuwa msingi umezama upande mmoja au lenta haipo. Andikeni tarehe kwa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na mrudi baada ya miezi miwili. Ukiwa umerefuka, mwiteni mhandisi kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Kujaza simenti kwenye ufa unaotembea ni kupoteza fedha za watu.

Vitanda vinakaa vingapi?

Swali hili huachwa mwisho, na ndilo linalobadilisha mradi mzima. Mwongozo wa usalama shuleni wa Kenya wa mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya kupita isiyopungua mita 2, mlango kila ncha ya bweni pamoja na mlango wa dharura katikati, milango yenye upana wa futi 5 inayofunguka kwenda nje, na madirisha yasiyo na grili. Hata kama shule yenu iko Tanzania, vipimo hivyo ni vizuri kuvishika.

Sasa hesabu. Ndani, bweni letu lina urefu wa mita 23.6 na upana wa mita 7.6. Kitanda cha deka chenye upana wa sentimita 90 pamoja na nafasi ya mita 1.2 kinakula mita 2.1 za ukuta, kwa hiyo kila safu inachukua vitanda 11, na safu mbili ni 22. Ondoeni kimoja kupisha mlango wa dharura, vinabaki 21, yaani wanafunzi 42. Njia ya katikati inabaki na mita 3.8, inatosha.

Bweni kama hilo si ajabu kukuta limelaza 60 au 70. Uongozi ukitaka idadi hiyo ibaki, kinachotakiwa ni bweni la pili, na wachangiaji waambiwe hivyo waziwazi. Ukarabati haupanui chumba.

Makadirio kwa awamu

Gaweni kazi katika awamu ambazo kila moja ikiisha, jengo linalalika. Mpangilio tunaoupendekeza:

1. Paa, gata na matanki.
2. Milango, madirisha, umeme na vifaa vya moto.
3. Kuta na sakafu.
4. Vyoo na mabafu, kama mabovu yaliyopo bado yanatumika. Kama yamefurika au yamefungwa, yawe awamu ya kwanza pamoja na paa.
5. Rangi, vitanda, magodoro, vyandarua.

Kila awamu iwe na orodha yake ya vifaa, bei kutoka maduka matatu, gharama ya ufundi, usafiri, na akiba ya asilimia 10 hadi 15. Majengo ya zamani yanakula akiba: ukifungua dari utakuta kitu. Usafiri usisahaulike. Shule zilizo mlimani hulipia mchanga na kokoto kuliko walio karibu na mto, na wakati mwingine nauli ya tripu inazidi bei ya mchanga wenyewe.

Awamu isianze mpaka fedha yake yote iwe benki. Ahadi za harambee si fedha. Zinatimia pole pole, na nyingine hazitimii. Bweni lililoezuliwa kwa kutegemea ahadi ni bweni linalolala wazi.

Kuchangisha

Fungueni akaunti ya mradi peke yake, yenye watia saini watatu ambao wawili wanatosha kutoa fedha, na angalau mmoja asiwe mwajiriwa wa shule. Namba ya malipo ya simu iwe ya taasisi na iishie kwenye akaunti hiyo. Michango isipite kwenye simu ya mkuu wa shule au ya mchungaji, hata kama ni mwaminifu kuliko wote: akihamishwa kituo, kumbukumbu zinaondoka naye.

Usiombe "mchango wa ukarabati". Omba kitu kinachohesabika. Bweni letu linahitaji mabati 72. Kila mwanafunzi wa zamani anaweza kununua moja, na darasa la mwaka fulani likachukua upande mzima wa paa. Usharika uchukue tanki. Kwaya ichukue milango mitatu. Wanaoishi nje ya nchi huchangia kwa urahisi zaidi wanapopewa kipengele kimoja chenye bei na mwisho wake. Tahadhari ni moja: andikeni kwenye kila tangazo kwamba kipengele kikijaa, ziada itahamia awamu inayofuata. Bila sentensi hiyo mtajikuta na fedha za magodoro zisizoweza kununua saruji, na mfadhili ana haki ya kuzidai.

Dayosisi nyingi zina makanisa rafiki Ujerumani, nchi za Nordiki na Marekani. Barua ipitie ofisi ya dayosisi au jimbo. Mkuu wa shule akiandika pembeni, usharika wa kule hupokea maombi mawili ya jengo moja na kunyamazia yote. Tanzania, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC), iliyoanzishwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo, inaratibu shule na hospitali za makanisa. Ni mahali pazuri pa kuuliza kabla ya kuandika andiko la mradi.

Michango ya vitu inahitaji ujasiri wa kukataa. Kontena la vitanda na magodoro yaliyotumika huonekana baraka hadi linapofika bandarini: ushuru, ada za uwakala, gharama za kila siku linapokaa bila kutolewa, kisha lori la kupanda nalo. Maombi ya msamaha wa kodi yashughulikiwe kabla meli haijaondoka. Mara nyingi fedha za kusafirisha kontena zingenunua vitanda vipya kwa fundi wa chuma wa mjini kwenu, naye angepata kazi.

Wageni wanaochangia wasiingie bwenini bila mlezi, na picha za wanafunzi zisitumwe bila ridhaa ya wazazi. Paa linapigika picha vizuri bila mtoto kusimamishwa mbele yake.

Kalenda

Paa liezuliwe katika likizo ya Juni. Maeneo yenye masika huwa yamemaliza mvua, na nyanda za juu kusini zinakuwa kavu. Likizo ya Desemba ni ndefu ila ina mvua karibu kila mahali. Iacheni kwa kazi za ndani. Kwa Kenya, likizo ya Agosti ndiyo ya paa. Mabati, mbao na skrubu viwe stoo kabla bati la zamani la kwanza halijang'olewa, na ezueni upande mmoja kwa wakati mmoja.

Paa

Kabla ya kupanda ngazi, tambueni kama paa ni la asbesto: vigae vizito vya mawimbi, rangi ya kijivu, vyenye kuvu, ambavyo vikigongwa havitoi mlio wa chuma. Majengo mengi ya misheni ya katikati ya karne iliyopita yanayo. Nyuzi zake zikivutwa puani husababisha saratani miaka mingi baadaye. Hapo kazi si ya fundi wa kawaida. Zungumzeni na NEMC, baraza la taifa la mazingira (Kenya ni NEMA), kuhusu uondoaji na mahali pa kuzika. Kanuni za msingi: wanafunzi wasiwepo, vigae vilowanishwe, vifunguliwe vizima bila kukatwa wala kutupwa chini, mafundi wavae barakoa maalumu za vumbi laini na ovaroli za kutupa, mabaki yafungwe kwenye nailoni nzito. Msiwape wanakijiji wakaezekee mabanda.

Hesabu ya bati. Paa likitoka nje sentimita 60 kila upande, mteremko wa kila upande ni karibu mita 4.9, na urefu ukijumlisha vichomozi vya ncha ni mita 24.6. Eneo lote ni mita za mraba 241. Agizeni bati refu la mita 5 kutoka kiwandani, lifunike mteremko mzima bila kuunga. Kila muungano wa kati ni mlango wa maji. Upana muhimu ni ule unaofunika baada ya kulaliana. Ukiwa sentimita 70, kila upande unataka mabati 36, jumla 72. Papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, zikiwekwa kila sentimita 90 ni mistari 7 kila upande, takriban mita 380 pamoja na upotevu. Skrubu ni karibu 7 kwa mita ya mraba, nunueni 1,800. Kofia za kufunika mgongo wa paa, za mita 2, zinazolaliana sentimita 15 ni 14.

Geji ni kipimo cha unene, na namba ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi. Geji 28 ndiyo ya bweni. Geji 30 ni ya kujikaza, 32 tuiache kwa banda la kuku. Wauzaji wengine huuza bati lililoandikwa geji 28 lakini unene haufiki. Kaliperi ndogo inamaliza ubishi dukani. Pwani, ambako chumvi ya bahari inakula zinki haraka, chukueni lenye mchanganyiko wa alumini na zinki.

Mambo yanayoharibu paa jipya tunayajua. Skrubu kupigwa bondeni badala ya mgongoni mwa wimbi, maji yakapita juu yake. Skrubu kukazwa mpaka raba ikapasuka. Mabati kulaliana kwa kuelekea upepo, mvua ya kishindo ikasukumwa ndani. Mbao mbichi zisizowekwa dawa, zikapinda bati likiwa juu yake. Fundi kukanyaga katikati ya papi na papi. Simamieni haya siku ya kwanza. Siku ya tano yamekwisha kufunikwa.

Kenchi zote zifungwe kwenye lenta kwa pao za chuma zenye misumari pande zote mbili. Pao ni bei ndogo, na ndizo zinazoshika paa.

Gata na matanki

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kivuli cha paa letu chini ni mita za mraba 226. Mvua ya milimita 30, tukitoa asilimia 15 inayopotea, inaleta karibu lita 5,760. Mahali penye milimita 1,000 kwa mwaka, ni lita 192,000. Kwa wanafunzi 42 wanaotumia lita 20 kila mmoja, siku moja ni lita 840. Matanki mawili ya lita 10,000 yanatosha zaidi kidogo ya wiki tatu bila mvua. Haya ndiyo maelezo ya kumpa mfadhili anayeuliza kwa nini gata ni ghali.

Gata liwe juu katikati ya bweni na lishuke kuelekea ncha zote mbili, sentimita 6 kwa mita 12. Vishikio kila sentimita 60 hadi 90. Mabomba ya kushushia ya inchi 4. Kabla ya tanki, wekeni pipa la lita 200 kila ncha la kumeza maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Linameza takriban milimita 2 za mwanzo za nusu ya paa. Chini yake koki ndogo, iachwe ikivuja tone tone ili pipa lijitoe lenyewe kabla ya mvua nyingine.

Tanki la lita 10,000 likijaa ni tani 10. Kitako kiwe zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 15, kipenyo mita 3, wavu wa chuma ndani, juu ya udongo ulioshindiliwa. Hiyo ni kama mita moja ya ujazo, mifuko 7 ya saruji. Kulikalisha juu ya matofali yaliyopangwa bila zege ndiyo sababu ya kawaida ya tanki kupasuka chini, na dhamana ya muuzaji haihusiki hapo.

Kuta na sakafu

Lipu inayobanduka chini ya kimo cha mita moja ni dalili tu. Tafuteni chanzo nje: udongo umepanda juu ya msingi, au maji ya paa yanarukia ukuta. Teremsheni udongo, kisha mwage sakafu ya nje ya zege yenye upana wa sentimita 80 kuzunguka jengo, inayoinamia nje. Ndipo mbandue lipu ya ndani hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, muache ukuta upumue wiki mbili au tatu, na kupiga mpya ya 1:5 (saruji kwa mchanga). Kwa ukanda wa mita moja kuzunguka chumba ni mifuko 7 ya saruji na mita moja na robo ya ujazo wa mchanga.

Mchanga upimwe. Jazeni chupa nusu, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, acheni masaa matatu. Tabaka la tope juu likizidi asilimia 8 ya mchanga, rudisheni tripu au mchanga uchekechwe na kuoshwa. Mchanga wenye tope ndio unaozaa sakafu inayotoa unga kila inapofagiliwa.

Sakafu ya zamani iliyo laini lazima ipigwe tindo yote, ifagiwe, iloweshwe, ipakwe uji wa saruji, ndipo tabaka jipya la sentimita 3 la 1:3 limwagwe kabla uji haujakauka. Eneo ni mita za mraba 179: mifuko 50. Gaweni vipande visivyozidi mita 3 kwa 3. Pigeni niru, yaani saruji laini ya kulainisha uso, siku hiyohiyo. Kisha magunia yenye maji kwa siku saba, bila kukosa, na hapa ndipo mafundi wanaokimbilia kazi nyingine huharibu. Sakafu iliyokauka bila maji hupasuka, na ile iliyomwagwa juu ya sakafu laini huachana nayo. Igongeni kwa fimbo baada ya wiki mbili na msikilize kama inalia utupu.

Milango, madirisha, moto

Hawa ni wanafunzi waliokufa kwa moto bwenini. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994: wasichana 42. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana nondo. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: wavulana 21. Mwenye hoja kwamba grili zinazuia wezi na utoro ajibiwe kwa tarehe hizo.

Grili zilizopo zikatwe. Palipo na wizi wa kweli, ongezeni mlinzi na taa ya nje. Milango yote mitatu ifunguke kwenda nje, na ifunguke kutoka ndani bila ufunguo. Kufuli la nje usiku likome kabisa. Mlango wa dharura haukai kitanda wala sanduku mbele yake. Wekeni kizimamoto cha unga mkavu cha kilo 6 au 9 karibu na kila mlango, kengele inayosikika nyumba ya mlezi, na eneo la kukusanyikia lenye orodha ya majina ya usiku huo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huja kukagua na kufundisha likiandikiwa. Fanyeni zoezi la kutoka usiku kila muhula.

Umeme ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania. Waya za taa milimita 1.5, za soketi 2.5, swichi kuu yenye kinga ya kuvuja kwa umeme, na fimbo ya ardhi inayopimwa. Wanafunzi wakikosa mahali halali pa kuchajia taa, watachuna waya darini. Wapeni meza ya chaji kwenye jengo lingine, yenye ratiba na msimamizi. Umeme ukikatika, taa za sola za dharura juu ya kila mlango; mishumaa marufuku.

Vyoo

Uwiano wa Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, hivyo bweni la wasichana 42 linataka matundu 3. Kimoja kiwe na mlango mpana na mshikio kwa mwenye ulemavu. Kwa wasichana ongezeni chumba cha kujisitiri chenye maji, ndoo yenye mfuniko, na kichomeo cha taulo. Shimo likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani na upande wa chini wake. Vyoo vya kuvuta maji visijengwe kama maji ya uhakika hayapo; vitakuwa vya kufungwa kwa kufuli ndani ya mwaka.

Rangi na vitanda

Lipu mpya isubiri wiki tatu hadi nne kabla ya rangi ya mafuta, la sivyo itafura malengelenge. Ndoo moja ya lita 20 inatosha mkono mmoja wa kuta zote za ndani. Chini, hadi mita 1.2, pakeni rangi ya mafuta inayofutika. Lita 14 kwa mikono miwili.

Vitanda vya chuma, vyenye ngazi na kizuizi juu. Vya mbao vilivyopo vina kunguni kwenye maungio, na mkivirudisha bwenini bila kuvifungua na kuvitibu, mtakuwa mmewakarabatia kunguni.

Kulipa na kuripoti

Njia salama kwa kamati ndogo ni kununua vifaa wenyewe na kumlipa fundi ufundi pekee, kwa mkataba wa maandishi na kwa kazi iliyopimwa: papi zimekamilika, bati upande wa kwanza, bati upande wa pili. Asilimia 10 ya ufundi wa paa ishikiliwe mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite bila ndoo kutolewa. Fundi akubali hilo kabla hajaanza, na akidai tarehe ya mwisho, mwandikieni.

Kila ununuzi uwe na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) kwa jina la taasisi. Fundi wa kijijini asiye na mashine asaini hati ya malipo yenye namba ya kitambulisho na shahidi. Stoo iwe na daftari: mifuko iliyoingia, iliyotoka, kazi iliyofanya, na saini ya aliyechukua. Mifuko mitupu ya saruji ihesabiwe kila jioni, kwani saruji huondoka usiku ikiwa nzima na kurudi kwenye vitabu kama "imetumika". Isikae stoo zaidi ya miezi mitatu, na isigusane na sakafu wala ukuta.

Ripoti kwa wachangiaji iwe kurasa mbili kila awamu: zilizoingia, zilizotoka, salio, picha mbili za pembe ileile kabla na baada, na kilichobadilika kwenye mpango pamoja na sababu. Ibandikeni kwenye ubao wa matangazo wa shule pia, kwani wazazi nao wamechangia. Tengeni bajeti ya matunzo kwenye ada ya kila mwaka kabla kamati haijavunjwa: gata lisafishwe Februari na Septemba, skrubu zilizolegea zikazwe Juni, vizimamoto vikaguliwe kila mwaka, na funguo za stoo ya vipuri zikabidhiwe kwa mlezi wa bweni kwa maandishi.